Dodoma pesa ina msimu, deni halina

Kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, Dodoma huwa mji mwingine. Nyumba za wageni zinajaa, bodaboda hawalali, mama lishe wa jirani na ofisi anainjika sufuria la pili la wali. Julai ikiingia wageni wanaondoka, na pesa inapanda basi pamoja nao, au siku hizi treni. Vijijini, kuanzia Bahi hadi Kongwa na Chamwino, kalenda ni nyingine. Mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Mavuno ni Mei na Juni, pesa ya mazao inaonekana hadi Septemba hivi, kisha Januari na Februari watu wanahesabu debe zilizobaki. Mkulima wa zabibu pekee ndiye mwenye nafuu, maana shamba lake huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Afisa mikopo hana kalenda hizo. Kwake kuna Jumatatu tu.

Hapo ndipo kaya nyingi za kanda ya kati zinapovunjika uchumi unapoyumba. Wengi wakisimulia wanasema bei zilipanda, au biashara ilikufa. Ukikaa nao na karatasi, unakuta kitu kingine: pesa iliyokuwa inaingia kwa msimu ilifungwa kwenye malipo ya kila siku na kila wiki, na msimu ulipokuwa mbaya, malipo yakabaki palepale. Kwa maoni yangu, ushauri wa kawaida wa "kubana matumizi" unawapotosha watu hawa, kwa sababu unawatuma kutafuta pesa kwenye sukari na nyama wakati pesa imefungwa mahali pengine kabisa.

Hesabu inaonyesha. Chukua kaya ya watu watano Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Baba anaendesha pikipiki ya mkataba, anayomlipa mwenyewe "hesabu" ya kila siku hadi iwe yake, mama ana genge. Mwezi wa kawaida, baba akishatoa mafuta anabaki na 20,000 kwa siku, siku 26, sawa na 520,000. Genge linaacha faida ya 8,000 kwa siku, yaani 208,000. Jumla 728,000. Matumizi: hesabu ya mwenye pikipiki 10,000 kwa siku, 260,000. Rejesho la mkopo wa kikundi 25,000 kwa wiki, 100,000. Hisa za kikoba 10,000 kwa wiki, 40,000. Kodi ya chumba na sebule 60,000 kwa mwezi, ingawa mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, 360,000. Chakula 8,000 kwa siku, 240,000. Jumla 700,000. Zinabaki 28,000 za LUKU, vocha, daftari za shule na dawa ya mafua. Maisha yanakwenda.

Sasa mapato yashuke kwa robo tu. Abiria wamepungua, wateja wa genge wanachukua nyanya mbili badala ya fungu. Jumla inakuwa 546,000. Pungufu ni 154,000 kwa mwezi. Kaya ikikata chakula kwa robo nzima, kukata kunakouma, inaokoa 60,000. Bado kuna shimo la 94,000, na hapo ndipo mama anakwenda kukopa. Angalia kilichotokea: hesabu, rejesho, hisa na kodi vilikuwa vinameza 460,000 kati ya 728,000, karibu asilimia 63. Baada ya mtikisiko vinameza asilimia 84. Vyenyewe havikupanda hata shilingi.

Njia ya pili ni kuanza na hayo 460,000. Mwenye pikipiki akikubali 7,000 kwa siku kwa miezi mitatu, zinapatikana 78,000 kwa mwezi, na deni linalosogezwa mbele ni 234,000, ambalo kwa hesabu ya 10,000 ni siku 24 zaidi za mkataba. Rejesho likipangwa upya kutoka 25,000 hadi 15,000 kwa wiki, 40,000 nyingine. Hisa zishushwe hadi 2,500 kwa wiki, 30,000. Jumla 148,000. Shimo limebaki la 6,000, na hilo sasa ndilo la kutafutwa kwenye sukari. Siyo rahisi kumshawishi mwenye pikipiki, najua. Lakini naye ana hesabu zake: akiinyang'anya, itakaa uani bila dereva katika mwezi ambao madereva wengine wote wanalia vilevile. Muhimu makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yasainiwe na shahidi mmoja, yataje tarehe ya kurudi kwenye 10,000. Makubaliano ya mdomo huishi hadi mwenye pikipiki atakapogombana na mkewe kuhusu ada.

Kabla ya kufika hapo, kaya ijue inapambana na nini. Mtikisiko huja kwa sura mbili. Kuna mwaka wa bei, kama 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta hadi serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mapato yako yapo, ila yananunua kidogo. Kuna mwaka wa mapato, kama 2020 wakati wa korona, ukuaji wa uchumi wa nchi uliposhuka chini ya asilimia 5 kutoka karibu asilimia 7, au mapema 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa na watu wa miradi wakaambiwa warudishe laptopu. Mwaka wa bei unatibiwa sokoni na ghalani. Mwaka wa mapato unatibiwa kwenye mikataba. "Vyuma vimekaza" tunaita vyote viwili, ndiyo maana tunavitibu kwa dawa moja.

Katika mwaka wa mapato, swali gumu ni nani alipwe kwanza. Wengi humlipa anayepiga kelele zaidi, na wakopeshaji wanajua hilo ndiyo maana wanapiga kelele. Mpangilio unaostahimili ni huu: chakula na maji, paa, chombo kinacholeta pesa, iwe pikipiki, cherehani au friji ya samaki, afya, kisha madeni yanayoshikilia vitu hivyo, mwisho madeni mengine yote. Mkopo wa simu usio na dhamana unaweza kuchelewa na kukuharibia taarifa zako za ukopaji, jambo baya, lakini hauwezi kukulaza nje. Kodi iliyochelewa inaweza. Bima ya afya nayo huwa ya kwanza kukatwa kwa sababu haionekani. Mgonjwa mmoja aliyelazwa wiki moja anamaliza akiba ya mwaka mzima, kwa hiyo mimi ningekata king'amuzi kwanza, halafu mchango wa harusi.

Kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani inayorejeshwa kila siku, jina lenyewe limetungwa na waliokaushwa. Wanachokosea wengi ni hesabu ya riba. Mkopo wa 300,000, unakatwa 20,000 ya fomu na "bima", unaondoka na 280,000. Unarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Ukimuuliza afisa, riba ni asilimia 20. Lakini fedha hiyo hukai nayo mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 180,000, unadaiwa nusu tu, na riba unalipa ileile. Ukipiga hesabu kwa pesa uliyokuwa nayo kweli mkononi siku kwa siku, gharama ni takriban asilimia 1.7 kwa siku, au karibu asilimia 50 kwa mwezi. Ukomo ambao Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Genge linaloacha faida ya 6,000 kwa siku haliwezi kulipa 12,000 kwa siku. Litaanza kula mtaji tangu siku ya kwanza, na siku ya 20 mama atachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Wahenga waliokwisha kusema kukopa harusi, kulipa matanga walikuwa hawajaona hata programu ya simu.

Programu hizo nazo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Dalili yake ni moja: kabla ya kukupa pesa inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Majina hayo ndiyo dhamana. Ukichelewa, mchungaji, bosi na mkwe wanapata ujumbe kuwa wewe ni tapeli. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu anayo ukutani ofisini, na lazima akupe mkataba unaoonyesha kiasi, riba, makato na ratiba. Asipotoa nakala ya mkataba, ondoka, hata kama mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule asubuhi hiyo.

Hata kwa mkopeshaji halali, uliza swali moja: riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio? Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye mkopo wote, riba ni 360,000, rejesho 113,333. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni takriban 100,500 na riba yote karibu 205,500. Asilimia ni ileile kwenye bango, tofauti ni zaidi ya 154,000. Ni bei ya mbuzi, au karibu yake.

Kupanga upya mkopo kuna namna yake, na wengi hukosea muda. Nenda kabla ya tarehe ya rejesho, wala si baada ya kuchelewa mara mbili, kwa sababu ukishachelewa unaanza kuhesabika mkopo mbaya na nafasi ya afisa kukusaidia inapungua. Beba ushahidi: taarifa ya miamala ya simu ya miezi 3, daftari la mauzo, barua ya kuachishwa kazi kama ipo. Omba vitu vitatu, kwa mpangilio huu: muda urefushwe ili rejesho lishuke, miezi miwili au mitatu ya kulipa riba tu bila mtaji, na adhabu zisimame katika kipindi hicho. Usiombe kusamehewa riba, utaonekana umekuja kubishana. Na usiondoke na ahadi. Afisa mikopo huhamishwa, na mrithi wake atasoma mfumo, ambao haukuwepo mlipokuwa mnaongea. Ratiba mpya iliyochapishwa na kupigwa muhuri ndiyo makubaliano.

Kuna kundi ambalo mtaani linaonekana salama, nalo ni watumishi wa umma, ambao tangu serikali ihamie ndio mhimili wa mji huu. Mishahara yao ilipanda. Mei Mosi 2025 pale Singida ilitangazwa kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hatari yao ni "top up", yaani kuongezewa mkopo kabla wa kwanza haujaisha. Sheria ya theluthi inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mshahara ukipanda nafasi ya kukopa inapanda, na benki zinajua siku hiyohiyo. Tazama mkopo wa milioni 10, riba asilimia 16 kwa mwaka, miezi 72. Rejesho ni takriban 217,000. Mwezi wa kwanza, 133,000 kati ya hizo ni riba. Baada ya miaka miwili mtumishi amelipa milioni 5.2, na deni limepungua kutoka milioni 10 hadi milioni 7.65. Hapo ndipo anapopigiwa simu kuongezewa. Akikubali, anarudi mwanzo wa ngazi, kwenye miezi ambayo riba inakula sehemu kubwa ya rejesho, na ile miaka miwili ameilipia kama kodi. Akiwa pia na makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15, mwezi wa matatizo unamkuta na theluthi yake mkononi na hakuna pa kukata. Mtumishi wa aina hiyo ndiye mteja mzuri kuliko wote wa kausha damu, jambo ambalo mabaraza ya wafanyakazi hayapendi kulisema.

Kwa aliyeachishwa kazi sekta binafsi, siku 30 za kwanza zina thamani kubwa kuliko miezi inayofuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mlipwaji wa mwezi notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hakuichukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Mshahara wa msingi wa 600,000 kwa miaka 4: gawa kwa 26, zidisha kwa 7, zidisha kwa 4, unapata takriban 646,000. Ukiona uachishwaji haukuwa wa haki, mgogoro unafunguliwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki hiyo wakisubiri "wazungumze kiutu uzima". Mafao ya kukosa ajira ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo yapo kwa aliyechangia angalau miezi 18: mwenye taaluma hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kinachochelewesha mara nyingi ni majina yasiyofanana kwenye NIDA na kwenye mfuko, au mwajiri asiyewasilisha michango. Kagua taarifa ya michango sasa, ukiwa bado kazini na mwajiri bado anapokea simu yako.

Na hela ya kiinua mgongo isigeuzwe bajaji mwezi uleule. Kila aliyepunguzwa kazi siku hiyo anawaza bajaji.

Nimesema mwaka wa bei hutibiwa ghalani, na hapa kanda ya kati ina silaha ambayo watu wa pwani hawana. Soko la mahindi la Kibaigwa liko mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka Dodoma mjini. Kaya ya watu watano hula gunia 5 hadi 6 za kilo 100 kwa mwaka. Bei huwa chini Juni hadi Agosti na kupanda hadi Februari. Tuseme Julai gunia ni 60,000 na Februari 95,000. Ukitoa 5,000 ya mfuko wa kuhifadhia, gunia limekuokolea 30,000 kwa 65,000 uliyoweka, karibu asilimia 46 kwa miezi saba. Hakuna akaunti ya benki inayofika hapo. Mfanyabiashara akinunua kwa hesabu hiyo anaweza kuumia, kwa sababu serikali ikifungua maghala ya NFRA, wakala wake wa hifadhi ya chakula, na kuuza kwa bei nafuu, kama ilivyofanya wakati wa uhaba wa 2022 na 2023, bei haipandi alivyotarajia. Wewe huumii, kwa kuwa utayala.

Wanasema akiba haiozi. Hii inaoza. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe. Kwa hiyo hatua zake zisirukwe. Nunua kwa mizani na siyo kwa lumbesa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini. Usiye na kipimo tumia chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa dakika mbili, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Isiponata, bado ongeza siku moja ya jua, kwa sababu chumvi huanza kunata unyevu ukishazidi asilimia 15. Toa punje zilizovunjika, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, maana ndizo zenye sumu nyingi, na usimpe kuku ukidhani umeokoa.

Kisha mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka tatu: mbili za nailoni ndani, moja ya nje ya kiroba. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota na funga tabaka la kwanza, halafu la pili, halafu la nje, kila moja kwa kamba yake. Dumuzi waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa, huhitaji dawa yoyote. Kinachoharibu ni watu kufungua mfuko kila Jumamosi kuchota debe, hewa ikaingia, dumuzi wakafufuka. Dawa yake ni kufungua mfuko mmoja mpaka uishe. Panya akitoboa nailoni, mfuko huo ni kiroba tu. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, chumba kisicho na mabati ya kuvuja. Na sage dona: sembe inaacha mashineni robo hivi ya mahindi kama pumba, ambayo mwenye mashine ataifurahia. Ila dona haikai, saga ya wiki mbili tu.

Pesa ya kununua gunia hizo Julai itoke wapi? Kwa wa mjini, itoke kwenye Bunge la bajeti. Kwa wa kijijini, itoke kwenye mbuzi. Mfugaji huku huuza akibanwa, Novemba malisho yameisha, mbuzi amebaki mbavu, na mnadani kila mtu kaleta. Auze wawili Juni wakiwa wamenona, anunue mahindi siku zilezile. Mbuzi na mahindi huenda kinyume: mmoja akishuka mwingine anapanda, na Februari mwenye mbuzi pekee anaumia kotekote.

Mkulima wa alizeti wa Singida ana somo lake. Bei ilipaa mafuta ya kula yalipoadimika duniani 2021 na 2022, watu wakaongeza ekari kwa mkopo, na 2023 bei ikaporomoka. Kukopa kwa bei ya mwaka jana ni kamari. Ukikopa kwa kilimo, mkataba utaje malipo baada ya mavuno, na kiasi kiwe kile unachoweza kulipa bei ikiwa nusu.

Akiba ya fedha taslimu nayo ina matabaka, na kosa ni kuiweka yote tabaka moja. Ya wiki moja iwe noti ndani. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, wenye kila kitu kwenye programu ya benki walikopa unga dukani. Ya mwezi mmoja ikae benki au kwenye simu. Ya miezi miwili hadi mitatu iende mahali panapolipa kidogo na pasipofunga, kama mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi; hizo siku chache zenyewe ni kinga dhidi ya tamaa. Hatifungani za serikali huanzia milioni 1 na ni nzuri, lakini ni za miaka, haziwezi kuwa akiba ya dharura. Amana za benki zina bima ya hadi milioni 7.5 kwa mteja kwa kila benki. Kikoba hakina bima hiyo.

Kikoba kinastahili neno la pekee. Wengi huhesabu hisa zao kama akiba ya dharura, wakati kikundi kinakopesha hadi mara tatu ya hisa za mtu na sanduku linabaki na makaratasi. Mtikisiko ukija, wote wanahitaji pesa wiki moja, na hakuna wa kurejesha. Kikundi chenye akili hukutana mapema na kubadili katiba kwa muda: mkopo usizidi mara moja na nusu ya hisa, robo ya fedha ibaki bila kukopeshwa, na mzunguko uvunjwe Januari inapoingia badala ya katikati ya Desemba, pesa inapoishia kwenye sikukuu. Kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, omba kijumbe, yaani anayeuendesha, akuweke namba za mwisho kama una kipato, maana hapo unaweka akiba. Anayepokea kwanza ni mkopaji, hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Hali ikirudi kuwa nzuri, na hurudi, wengi hukosea kwa haraka. Dalili ni msimu mpya wa Bunge, wateja wamejaa, na mtu anakwenda kuchukua mkopo mkubwa "kufidia". Miezi sita ya kwanza mpangilio uwe huu. Kwanza deni la daftari la Mangi wa dukani na la ndugu, ingawa halina riba, kwa sababu ndilo dirisha litakalofunguka tena usiku wa manane. Pili zile siku 24 za mwenye pikipiki. Tatu akiba ya mwezi mmoja. Nne matengenezo ya chombo cha kazi yaliyoahirishwa, tairi na cheni, kabla havijaleta hasara kubwa. Ndipo hisa zirudi kwenye 10,000. Chakula nacho kirudishwe mapema, hasa cha watoto. Siungi mkono wanaoendelea kujinyima nyama mwaka mzima ili waonekane wana nidhamu.

Mkopo ukiisha, kazi haijaisha. Chukua barua ya kumaliza deni yenye muhuri, chukua hati au kadi ya pikipiki siku hiyohiyo, na kama kulikuwa na mdhamini, barua imtaje kuwa ameachiwa. Baada ya miezi miwili omba taarifa yako ya mikopo kutoka taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni. Mara nyingine deni lililolipwa linaendelea kusomeka linadaiwa kwa sababu mtu fulani hakubofya kitufe, na utaligundua siku unapoomba mkopo wa kweli, ukiwa na barua ya kumaliza deni iliyobaki kwenye begi lililoliwa na mchwa huko Ihumwa.